Akaunti ya hundi niliyoiacha sasa inanidai Sh 21,460. Je, nilipe?

Swali: "Mwaka 2018 mwajiri wangu hapa Mombasa alitufungulia wafanyakazi wote akaunti za hundi katika benki moja ili mishahara ipitie huko. Niliacha kazi Machi 2022, nikatoa pesa zangu, nikabakisha Sh 1,150, na tangu siku hiyo sikuigusa tena akaunti hiyo. Nilipokuwa kazini sikuwahi kuona makato ya kila mwezi. Aprili 2025 nilipigiwa simu na wakala wa kukusanya madeni akaniambia kwamba benki inanidai Sh 21,460 na kwamba nisipolipa ndani ya siku saba jina langu litapelekwa CRB, yaani kwa taasisi zinazoweka kumbukumbu za jinsi watu wanavyolipa madeni. Rafiki yangu mmoja anasema benki haiwezi kunidai kwa kuwa sikukopa. Mwingine anasema akaunti isiyotumika hujifunga yenyewe. Tawini nimepewa taarifa ya akaunti inayoonyesha ada ya Sh 400 na ushuru wa Sh 80 kila mwezi, pamoja na mistari kadhaa ya riba. Nilipe yaishe, au nipinge? Nikipinga, nianzie wapi?"

Ndugu msomaji, pole kwa simu hiyo. Kudaiwa pesa ambazo hukuzishika, kwa huduma ambayo hukuitumia, na kutishiwa kwa jina lako juu yake, ni jambo la kumkosesha mtu usingizi, na wasomaji wengi walioacha kazi au kuhamia benki nyingine wamefikwa na hali hiyo hiyo. Nitakujibu kwanza kwa ufupi ili utulie: usilipe bado, lakini pia usikae kimya. Katika hizo Sh 21,460 iko sehemu ambayo huenda benki inakudai kihalali, na iko sehemu kubwa zaidi ambayo una sababu nzuri za kuipinga. Kazi yako katika wiki chache zijazo ni kuzitenganisha sehemu hizo mbili kwa maandishi.

Marafiki zako wamekusudia mema, ila kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Yule anayesema huwezi kudaiwa kwa kuwa hukukopa anasahau kwamba akaunti ya hundi ni mkataba. Fomu uliyotia sahihi mwaka 2018, hata kama ililetwa kazini kwa pamoja na hukupata nafasi ya kuisoma, kwa kawaida huiruhusu benki kukata ada ya kuendesha akaunti, na kuikata hata salio linapokuwa halitoshi. Salio likishuka chini ya sifuri, benki huhesabu kwamba imekukopesha kiasi kilichopungua. Hukuomba mkopo huo, lakini kwa masharti ya mkataba deni limekwisha kuzaliwa. Yule wa pili anasema akaunti hujifunga yenyewe, na hili ndilo kosa linalowagharimu watu zaidi. Akaunti isiyotumika hulala, haifungwi. Kulala maana yake ni kwamba benki inazuia pesa zisitoke bila mwenyewe kujitambulisha upya, na benki nyingi hufanya hivyo baada ya miezi sita hadi kumi na miwili bila muamala wa mteja. Kufunga ni jambo jingine kabisa, na kwa kawaida hutaka barua ya mteja mwenyewe.

Sasa tuangalie jinsi deni hili lilivyojengeka, kwa sababu ukiuelewa mwendo wake utajua mahali pa kugusa. Makato haya hayakatwi na mtu anayeketi na kuliangalia faili lako. Mwisho wa kila mwezi mfumo wa kompyuta hupitia akaunti zote za aina moja na kuzikata ada iliyowekwa. Wewe hukuyaona makato hayo ulipokuwa kazini kwa sababu mwajiri anayepitisha mishahara ya watu wengi mara nyingi hupatana na benki kwamba wafanyakazi wake wasitozwe ada hiyo. Mshahara unapokoma kuingia, mfumo hukuhamisha kutoka kundi lile hadi kundi la wateja wa kawaida, na ada huanza. Hapo ndipo swali la kwanza linapozaliwa: je, benki ilikuarifu kwamba unahamishwa?

Fuata hesabu kwenye karatasi uliyopewa. Aprili 2022 zimekatwa Sh 480, zikabaki Sh 670. Mei zimekatwa nyingine, zikabaki Sh 190. Tarehe 30 Juni ada na ushuru vimekatwa tena, na safari hii salio limekuwa Sh 290 upande wa deni, na ukitazama pembeni mwa tarakimu utaona herufi DR. Mstari huo mmoja ndio mlango wa mambo yote yaliyofuata, kwa hivyo uuwekee alama ya kalamu. Kuanzia hapo riba inaanza kuhesabiwa, na mwezi unaofuata ada mpya inakaa juu ya deni la zamani. Kutoka Aprili 2022 hadi Machi 2025 ni miezi 36. Miezi 36 kwa Sh 480 ni Sh 17,280. Ukiondoa Sh 1,150 ulizoziacha, unapata Sh 16,130. Unadaiwa Sh 21,460. Tofauti ya Sh 5,330 ndiyo riba na faini za salio kushuka chini ya sifuri, na ni lazima benki ikuonyeshe mstari kwa mstari imetoka wapi.

Kuna jambo la kisheria ambalo ningependa ulithibitishe kabla ya jingine lolote, nalo ni aina ya akaunti yenyewe. Kifungu cha 16A cha Sheria ya Benki ya Kenya kinakataza benki kutoza ada ya aina yoyote kwenye akaunti ya akiba, akaunti ya amana ya muda maalumu, na ile ya kuita kwa siku saba, yaani amana ambayo mteja huitoa kwa notisi ya siku saba. Akaunti ya hundi haimo katika ulinzi huo. Kwa hivyo itazame fomu ya kufungulia akaunti: ikiwa imeandikwa akaunti ya akiba, na baadaye benki ikaibadilisha jina au kundi bila ridhaa yako, hoja yako ina nguvu kubwa sana, na karibu deni lote linakosa msingi. Ikiwa ni ya hundi kweli, kama unavyosema, tunaendelea na hoja nyingine.

Hoja ya kwanza ni kiwango cha ada. Kifungu cha 44 cha sheria hiyo hiyo kinaitaka benki ipate idhini ya Waziri wa Fedha kabla ya kupandisha viwango vya tozo zake, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba sharti hilo linagusa hata viwango vya riba. Ikiwa ratiba ya ada uliyokubali 2018 ilionyesha kiwango kilicho chini ya Sh 400, una haki ya kuuliza ongezeko hilo liliidhinishwa lini, na wewe uliarifiwa kwa njia gani. Hoja ya pili ni taarifa. Mwongozo wa Benki Kuu ya Kenya wa mwaka 2013 kuhusu ulinzi wa wateja unazitaka benki ziwaarifu wateja mabadiliko ya ada na masharti kabla hayajaanza kutumika, na ziwatendee kwa uwazi na haki. Benki itakwambia kwamba ilituma ujumbe au ilibandika tangazo tawini. Huenda ni kweli. Lakini ni juu yake kukuonyesha ulitumwa kwa namba gani na tarehe gani, maana kuna wateja wengi ambao ujumbe ulikwenda kwenye laini waliyokwisha kuiacha.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoipa uzito zaidi katika kisa chako. Sera za benki zenyewe huonyesha ni lini akaunti inapaswa kuhesabiwa kuwa imelala. Ikiwa sera ya benki yako inasema miezi sita, basi kufikia Oktoba 2022 akaunti hii ilistahili kuwekwa katika hali hiyo, na benki nyingi zikishaiweka huko husimamisha ada ya kila mwezi. Iulize benki kwa maandishi: akaunti yangu ilihesabiwa kuwa imelala tarehe gani, na kwa nini ada iliendelea kukatwa baada ya hapo? Swali hili fupi huwasumbua kuliko barua ndefu ya malalamiko, kwa sababu jibu lake liko katika kanuni zao wenyewe. Tena linaonyesha upande wa haki wa jambo hili: benki iliyoona kwa miaka mitatu kwamba hakuna hata shilingi moja iliyoingia wala kutoka kwa mkono wa mteja ilikuwa na kila nafasi ya kuuliza, na haikuuliza mpaka deni lilipofika kiasi cha kumkabidhi wakala. Sioni kwamba huo ni utendaji mwema, na ninaona ni sawa umwambie meneja hivyo kwa adabu.

Kuhusu ushuru wa Sh 80, huo hauendi benki. Ni ushuru wa bidhaa wa serikali unaotozwa juu ya ada za taasisi za fedha. Mwaka 2018 ulipandishwa kutoka asilimia 10 hadi 20, na baadaye viwango vya baadhi ya ada vikabadilishwa tena. Usipoteze nguvu kuupinga peke yake. Unachopaswa kukumbuka ni kwamba ada ikifutwa, ushuru wake nao unapaswa kufutwa, na wahudumu wa tawini wakati mwingine huirudisha ile 400 na kuisahau ile 80. Kwa miezi thelathini ya baada ya akaunti kulala, tangu Oktoba 2022 hadi Machi 2025, hizo ni Sh 2,400.

Huenda umesikia pia kwamba sheria hairuhusu riba kupita deni la msingi. Ni kweli kwamba kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika Mei 2007, kinaweka kikomo hicho kwa mkopo uliokwisha kuwa mbovu. Lakini kwako riba ya Sh 5,330 bado iko chini sana ya Sh 16,130, kwa hivyo kifungu hicho hakikusaidii kwa sasa. Wala usitegemee kwamba deni limepitwa na wakati: madai ya mkataba hudumu miaka sita, na deni hili lilianza 2022.

Basi andika barua. Iandikie meneja wa tawi, ukurasa mmoja unatosha, ipeleke mwenyewe ukiwa na nakala mbili, na usiondoke mpaka nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Kisha itume pia kwa barua pepe ya huduma kwa wateja ili ipate namba ya lalamiko. Ndani yake taja namba ya akaunti na kipindi unachokipinga, useme wazi kwamba hulikubali deni hilo mpaka lithibitishwe, kisha uombe nakala ya fomu uliyotia sahihi pamoja na masharti yake, ratiba ya ada ya kila mwaka tangu 2018, ushahidi wa kuarifiwa ulipohamishwa kutoka kundi la mshahara, tarehe ambayo akaunti ilihesabiwa kuwa imelala, na mchanganuo wa riba na faini. Malizia kwa kutaja unachotaka kifanyike: ada zote za baada ya akaunti kulala zifutwe pamoja na ushuru wake, riba yote iliyotokana nazo ifutwe, ukataji usimame mara moja, na akaunti ifungwe. Barua inayolalamika bila kuomba jambo mahususi huishia kujibiwa kwa maneno matamu tu.

Wakati unasubiri, yako mambo ambayo nakuomba sana usiyafanye. Usimpe wakala huyo "kidogo tu cha kuonyesha nia njema". Sehemu ya malipo, au hata ujumbe wa simu unaosema utalipa mwisho wa mwezi, unaweza kuhesabiwa kuwa umelikubali deni, na chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai ule muda wa miaka sita huanza kuhesabiwa upya. Mwambie akutumie barua ya benki inayomruhusu kudai, umjulishe kwamba umekwisha kupeleka pingamizi, na usitume pesa kwa namba ya simu ya mtu binafsi kwa hali yoyote. Usiweke pesa katika akaunti hiyo kwa nia ya kuifufua, kwa kuwa zitamezwa na deni saa hiyo hiyo. Na ikiwa una akaunti nyingine katika benki hiyo hiyo, kumbuka kwamba masharti mengi huiruhusu benki kuchukua salio la akaunti moja ili kulipia nyingine, hivyo si busara kupitishia huko mshahara wako wa sasa mpaka jambo hili liishe.

Tuje kwenye CRB, ambako najua ndiko moyo wako ulipo. Siku saba alizokutajia wakala hazina msingi: kanuni zinaitaka benki impe mteja notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya dhidi yake. Kiasi kilicho chini ya Sh 1,000 hakiruhusiwi kupelekwa kabisa, ila chako kimepita hapo, kwa hivyo tishio lenyewe ni la kweli hata kama muda wake ni wa uongo. Omba ripoti yako sasa hivi kutoka kwa mojawapo ya taasisi tatu zenye leseni, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya kupata nakala moja bila malipo kila mwaka. Ukikuta jina lako limekwisha kuorodheshwa, wasilisha pingamizi kwa taasisi hiyo na kwa benki kwa pamoja, ukiambatisha barua yenye muhuri.

Hapa pana tofauti ambayo watu wengi huijua wakiwa wamechelewa. Ukilipa deni lililokwisha kuorodheshwa, taarifa haifutiki. Inabadilishwa kuonyesha kwamba ulishindwa kulipa kisha ukalipa, na alama hiyo inaweza kukaa kwa miaka mitano tangu siku ya kulipa. Lakini benki ikikubali kwamba ada zilikatwa kimakosa na ikazifuta, inatakiwa isahihishe taarifa yenyewe, kwa kuwa hakukuwa na deni la kushindwa kulipa. Kwa hiyo hata kama kiasi cha mwisho ni kile kile, gombania neno "kufutwa kwa makosa" katika barua ya benki, usiridhike na "kulipwa".

Nikupe maoni yangu ya wazi kuhusu njia zilizo mbele yako. Kulipa zote Sh 21,460 ili yaishe ni njia ya haraka, na ningeielewa kama ungekuwa unahitaji mkopo wa nyumba mwezi huu, lakini kwa bei hiyo unanunua amani ambayo pengine ungeipata kwa kiasi kidogo zaidi. Kukataa kulipa hata shilingi moja kunaweza kukupendeza, ila ada za miezi ile ya kwanza, kabla akaunti haijahesabiwa kuwa imelala, ni vigumu kuziponyoka ikiwa fomu uliitia sahihi na taarifa ilitumwa. Kwa miezi sita ni Sh 2,880, ukitoa Sh 1,150 zako inabaki Sh 1,730. Mimi ningeanza kwa kudai zote zifutwe, na iwapo benki itaonyesha hati zake kamili, ningekuwa tayari kumalizana nayo karibu na kiasi hicho, kwa barua inayosema kwamba malipo yanafanywa bila kukubali deni lililobaki. Mhudumu wa mapokezi hana mamlaka ya kukukubalia hayo, na hata meneja wa tawi mara nyingi ana kikomo cha kiasi anachoweza kurudisha, kwa hivyo usivunjike moyo ukiambiwa jambo limepelekwa makao makuu.

Benki isipokujibu, au ikijibu bila kugusa maswali yako, peleka lalamiko lako Benki Kuu ya Kenya. Wewe uliye Mombasa una bahati, kwa kuwa wana tawi huko, na hulazimiki kusafiri hadi Nairobi. Ambatisha barua yako yenye muhuri na majibu uliyopata, kwani watakuuliza kwanza kama ulianza na benki yenyewe. Benki Kuu si mahakama, na haitakuandikia hukumu ya kulipwa fidia, lakini itaitaka benki ijieleze, na malalamiko mengi ya kiasi kama hiki humalizikia hapo. Baada ya hapo ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh 1,000,000, ambako unaruhusiwa kujieleza mwenyewe bila wakili na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Benki nayo ikiamua kukushtaki, unaweza kujitetea huko kwa karatasi hizo hizo.

Yako mazingira ambayo ushauri wa kusoma hautoshi, na unapaswa kuketi na wakili au afisa wa msaada wa kisheria na karatasi zako mkononi. Nenda ukipokea hati ya mahakama, kwa kuwa siku za kujibu huhesabiwa tangu ulipokabidhiwa. Nenda pia ikiwa fomu ya akaunti ina sahihi usiyoitambua, au ikiwa kwenye taarifa kuna hata muamala mmoja baada ya Machi 2022 ambao si ada wala riba. Huo unaweza kuwa wizi, na lazima uripotiwe kwa benki na polisi bila kungoja majibu ya barua. Pitia kurasa zote za taarifa kabla hujaandika lolote. Na siku akaunti itakapofungwa, usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba mambo yamekwisha: omba barua yenye namba ya akaunti, tarehe ya kufungwa na maneno kwamba hakuna deni, kisha baada ya mwezi mmoja uitishe tena ripoti ya CRB uhakikishe kwamba inasema hivyo hivyo.